Akingoja Lori Liguse Kisima

Saa nne asubuhi, foleni ya trela mbele ya nyumba ya Ochom Emorut hapa Malaba imeanza kusogea kuelekea Uganda. Ndani, kwaya ya akina mama imejibana katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha kulala na sasa ndiyo studio yake ya kurekodia. Magodoro yamesimamishwa dirishani kuzuia kelele za barabarani. Kiongozi wao, Roselida, ameshavuta pumzi aanze ubeti wa pili.

Ochom anainua mkono. Kwaya inanyamaza, midomo wazi.

Hakuna mwingine aliyesikia kitu. Ochom naye hakusikia, amehisi kwa nyayo. Trela linakuja, na mbele ya lango lake kuna shimo.

Trela linatumbukia. Pembeni mwa chumba kuna sanduku la bati lililoning'inizwa darini kwa mipira ya ndani ya tairi za baiskeli. Ndani yake kitu kinatikisika, na spika inalia gwaa, kama sufuria iliyoanguka kisimani. Akina mama wanacheka.

"Mzee, kisima chako kimekunywa nini leo?" Roselida anauliza.

"Chai ya mkandaa," Ochom anajibu. "Maziwa yametushinda."

Anatabasamu, lakini tabasamu halifiki mbali. Hii ni Alhamisi, na kwaya hii huenda ikawa ya mwisho kuimbia kisima. Jumamosi fundi anakuja kukichukua.

Jina la kisima sanduku hilo lilipewa na wateja. Sauti ya mtu ikipitishwa humo hutoka na mwangwi, kana kwamba ameimba akiwa ameinama juu ya maji ya chini kabisa. Ndani hamna maajabu, ni springi ndefu nyembamba zinazotetemeka sauti ikizipitia. Lori likitikisa sakafu, nazo hutetemeka. Ndiyo sababu Ochom alilining'iniza sanduku kwa mipira, ingawa trela zito bado hupenya.

Kilikuwa kitu cha bei ya chini hata kilipokuwa kipya. Aliuziwa na mpiga gitaa wa Kampala ambaye bendi yake ilikwama mpakani, wakati Ochom angali fundi wa redio tu. Baada ya hapo kwaya zilimjia kutoka hapa Malaba mpaka kule Namboboto, kila mwimbaji akisema, "Mzee, nitie kisimani."

Siku hizi hawasemi hivyo. Mwaka huu wa 1997 vijana wana studio Kisumu, wengine Tororo, zenye mashine zisizokoroma. Kisima kinavuma kama nyuki ndani ya chupa. Kiongozi mmoja wa kwaya alirudisha kaseti akidai watu wake wanasikika kama wanaimbia kwenye mashine ya kusaga. Mwezi uliopita zilikuja kwaya mbili tu, na moja ililipa kwa kuku.

Bintiye, Amongin, ni karani wa wakala wa kutoa mizigo forodhani kule Busia. Wakati wa Pasaka alimletea baba yake kimashine kipya cha mwangwi, kidogo kama Biblia, kisicho na springi wala habari na malori. Shida ni kwamba mtambo wa Ochom wa kuchanganya sauti una tundu moja tu la kuunganishia kitu cha namna hiyo. Kikiingia kipya, cha zamani kinatoka. Kwa hiyo kimashine kimelala kwenye boksi lake chini ya meza tangu siku hiyo.

"Baba, sikununua hiyo kitu ije ilale," Amongin alimwambia wiki iliyopita. "Watu wanakuhama. Hiki kisima kitakumaliza."

Ochom alimwomba angoje kwanza. Amongin akasema amengoja vya kutosha, na tayari amezungumza na Ogweno, fundi wa redio wa Busia, ambaye anazitaka hizo springi. Ochom hakubisha. Hakuwahi kumweleza binti yake kwa nini kisima hakitoki.

Mkewe, Benedetta Akwii, ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya ya kanisa lao. Mwaka 1993 kifua kilimshika. Alilazwa hospitali ya misheni kule Nangina, akarudi amekonda, na akamwambia mumewe ametunga wimbo anaotaka uchezwe siku ya kumzika. Ochom alijifanya hakusikia. Akaambiwa tena.

Siku ya kurekodi, Benedetta aliketi kwenye kigoda, hedifoni masikioni, akijisikia mwenyewe kupitia kisimani. "Alikipenda sana," Ochom anasema. "Aliniambia akiwa humo ndani anajisikia kama hajaugua."

Katikati ya ubeti trela lilitumbukia shimoni. Sanduku wakati huo lilikuwa sakafuni. Gwaa! Benedetta alikatiza wimbo, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akasema kwenye maikrofoni: "Ochom, hata lori imeanza kunililia mapema." Akaushika wimbo pale pale alipouachia.

Hakumaliza mwezi.

Sasa, jinsi Ochom anavyofanya kazi, kaseti hunasa sauti kavu, isiyopita kisimani, na mwangwi huongezwa baadaye. Kaseti ya Benedetta ina wimbo, ina kicheko, ina maneno yake. Gwaa haimo. Ilipita kisimani na kwenye hedifoni zao wawili tu, haikufika kwenye maikrofoni.

Matangani, watu walisikia mwanamke akikatiza wimbo wake, akacheka peke yake, akataja lori ambalo hakuna aliyelisikia. Shangazi zake walitazamana. Mmoja alisema ugonjwa ulikuwa umempanda kichwani, maskini, na maneno hayo yakatembea toka mji hadi mji. Amongin, aliyeletwa kutoka shule ya bweni siku hiyo hiyo, aliyasikia akiwa amekaa kando ya jeneza.

"Mke wangu hakuchanganyikiwa," Ochom anasema polepole. "Kuna kitu kilisema, na yeye akakijibu."

Alijaribu kueleza, lakini mfiwa hupewa chai na pole, maneno yake hayapimwi. Akanyamaza. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, hufungua ile mipira, hulishusha sanduku sakafuni, huicheza kaseti ya Benedetta kupitia kisimani na kungoja. Anataka lori litumbukie pale pale wimbo unapokatika. Limewahi kuja mapema. Limewahi kuchelewa. Mara moja lilikosea kwa neno moja tu, akalia. Majirani wanadhani anaupenda wimbo.

Jumamosi Ogweno anafika na Amongin, gunia begani.

"Boss, mgonjwa wangu yuko wapi?" anauliza mlangoni.

Mgonjwa yuko sakafuni. Kaseti inazunguka. Ochom anawaomba wakae wimbo uishe, ndipo wachukue. Amongin anakaa ukingoni mwa benchi. Tangu matangani hajausikia wimbo huu, na hajawahi kuusikia ukipita kisimani. Sauti ya mama yake inajaa chumba, nzito, yenye afya.

Wimbo unakatika. Kicheko kinakuja. Amongin anainamisha uso, kama alivyouinamisha kando ya jeneza.

"Hapo lori lilipita," Ochom anasema. "Kisima kililia. Mama yako alikuwa analijibu."

Amongin anataka kujua kwa nini baba yake asilipige sanduku kwa mkono wakati huo ukifika, yaishe. Ochom anasema amefikiria hivyo mara nyingi. Akilipiga yeye, atakuwa amejidanganya.

"Basi nitalipiga mimi," Amongin anasema. "Rudisha kaseti."

Wimbo unaanza tena. Amongin amechuchumaa kando ya sanduku, mkono juu. Wimbo unapokatika, anaushusha.

Gwaa.

Benedetta anacheka. "Ochom, hata lori imeanza kunililia mapema."

Safari hii kicheko kina cha kuchekea. Amongin anavuta sweta na kujifunika uso. "Toto," anasema humo ndani, yaani mama kwa Kiteso. "Toto, nisamehe." Ogweno anakunja gunia lake. Anasema springi kama zile atazipata Kampala, na hakuna anayemuuliza Kampala wapi.

Kimashine kipya sasa kimeingia kwenye tundu, na kwaya zitaimba bila kuvumiwa na nyuki. Kisima kimerudi kwenye mipira yake. Kila Jumapili viwili hivyo hubadilishana: kipya kinatoka, cha zamani kinashuka.

Siku hiyo Ochom huweka kaseti tupu kwenye mashine ya pili, kwa ajili ya siku lori lenyewe litakapopatia. Ataunasa wimbo ukiwa na gwaa yake, kisha awapelekee shangazi. Hataki pole yao. Anataka wakae, wasikilize, waseme kwamba Benedetta alikuwa na akili zake mpaka mwisho. Mkono wa Amongin ulimtosha Amongin, anasema. Shangazi watataka lori.

Lakini kando ya barabara kumemwagwa marundo ya murramu, udongo wa kujazia barabara, na inasemekana shimo litazibwa.

Jumapili hii amekaa sakafuni kando ya sanduku, viganja vimelala kwenye saruji. Benedetta anaimba. Trela linakuja, analihisi. Wimbo haujakatika bado, na kisima kinalia juu ya neno ambalo si lake.

"Bado," Ochom anasema, na kuirudisha kaseti mwanzo.