Kumpikia Aliyegoma Kula

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, Kariakoo ilijaa vitu mpaka ukahisi unaota. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tulizikuta sabuni za kila rangi zimemwagwa juu ya maturubai, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Mimi nilikuwa mama ntilie kwenye baraza ya nyumba moja ya ghorofa, karibu na soko. Mume wangu aliuza viatu vya mitumba Mchikichini. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, lakini wenzake walimchagua awasemee. Ilipotangazwa kwamba vibanda vyao vitabomolewa, akasimama akasema, na watu wakamsikiliza kuliko wakubwa walivyopenda.

Walikuja kumchukua mchana, akiwa anapiga kiatu dawa. Jirani yake wa kibanda aliniambia alikiweka chini polepole, akakipanga sawa na mwenzake, ndipo akawafuata. Nilipofika polisi niliambiwa amewekwa kizuizini.

"Kwa kosa gani, afande?"

"Amri imetoka juu, mama. Kosa mtaambiwa baadaye."

Hiyo baadaye haikufika. Alihamishiwa gerezani, hakufikishwa mahakamani, hakusomewa shtaka. Nikawa nampelekea chakula. Langoni kila aliyeleta chakula alitakiwa kuonja kwanza mbele ya askari. Nilimeza kijiko cha wali, kijiko cha mchuzi, askari akinitazama kooni, ndipo bakuli likaingia ndani. Siku moja nilionja kama kawaida, nikasubiri, na bakuli likarudi na wali wote, umepoa na kushikana.

"Wamegoma kula," askari alisema bila hasira. "Yeye na wenzake wa kizuizini. Wanataka hakimu."

Niliporuhusiwa kumwona, alikuwa amekonda, na macho yake yamekuwa makubwa na matulivu kama ya mtoto mwenye homa. Kati yetu palikuwa na wavu wa chuma.

"Unataka kufa?" nilimuuliza.

"Nataka nisomewe kosa langu."

"Na wakikuachia tu, bila kukusomea?"

"Watanichukua tena siku wakitaka. Mke wangu, humu ndani sina kitu cha kukataa ila chakula."

"Na mimi je? Nipike halafu nikae nikitazame?"

Aliegemeza paji la uso kwenye wavu, kisha akaniuliza, "Leo umepika nini?"

Nilitaka kulia, lakini nikamwambia. Wali wa nazi, nguru wa kukaanga, mchicha.

"Nazi umekuna mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na tui zito umelitia mwisho?"

"Mwisho, wali ulipokaribia kukauka."

Alifumba macho. Nikaona koo lake likipanda na kushuka, kama mtu aliyemeza. "Kesho uje uniambie tena," alisema. "Wala usiache kupika, ili watu wale."

Basi nikapika. Sijui nieleze vipi siku zile. Nilisimama ndani ya mvuke wa sufuria na mtaa mzima ukawa unaelea upande wa pili: wapagazi, mikokoteni ya mahindi, vitenge vipya vikipepea milangoni. Kelele za soko zilinifikia kama zimepitia majini. Wateja walikaa kwenye benchi wakala, nami nikajikuta nafuata kila tonge kutoka sahanini hadi mdomoni. Mara moja mwanamume alikaa kunipa mgongo, na kisogo chake kilikuwa kisogo cha mume wangu kabisa. Niliweka sahani mbele yake nikabaki nimesimama, nikingoja ageuke. Alipogeuka akaomba pilipili.

Ghorofa ya juu aliishi mama mmoja wa Kihindu, mtu mzima, ambaye kwa miaka tulikuwa tukiamkiana tu ngazini. Siku moja alishuka akakaa kwenye kigoda changu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia habari ya mume wako. Anakunywa maji?"

"Anakunywa."

"Vizuri. Mimi nafunga tangu msichana, lakini jioni najua nitakula. Yeye hajui. Siku akikubali kula, usimpe wali. Utamwumiza. Njoo kwangu nikupe maji ya mtindi, umnyweshe kidogo kidogo."

Alisema 'siku akikubali' kwa namna ambayo nami niliiona hiyo siku, ipo mahali fulani inatungoja.

Wagomaji walipoanza kuanguka, walipelekwa hospitalini. Nilimkuta amelala chini ya dirisha, askari kando yake. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimsimulia maharage ya siku ile sikioni, vitunguu vilivyoungua pembeni, harufu ya karafuu. Sikujua kama ananisikia, mpaka kidole chake kikagusa mkono wangu niliponyamaza, kuniambia niendelee.

Kisha wakawapeleka mahakamani. Nadhani wakubwa waliogopa mmoja wa waliogoma asije akafia mikononi mwao. Mume wangu aliingia ameshikiliwa kwapani, shati likimning'inia. Karani alisoma kwamba alifanya mkutano bila kibali. Sikuwahi kufikiri ningekaa kwenye benchi la mahakama nikisikia mume wangu akitajiwa kosa, na moyo wangu uwe mwepesi namna ile.

"Ni kweli au si kweli?" hakimu aliuliza.

"Si kweli, mheshimiwa," alijibu. Alisimama peke yake aliposema hivyo.

Alipata dhamana. Kesi iliahirishwa mara nyingi, mashahidi hawakutokea, mwisho ikafutwa.

Siku aliyotoka kwa dhamana nilimkalisha kitandani, nikamnywesha maji ya mtindi kwa kijiko. Alikunywa huku akitazama dirishani, ambako jua la alasiri lilikuwa limeutia ukuta wa jirani rangi ya ganda la chungwa. Baada ya vijiko vichache alishika mkono wangu, nisite.

"Unaumwa?"

"Hapana. Niache nisikie ladha kwanza."

Tukakaa hivyo, kijiko kikiwa hewani kati yetu, mpaka aliponiambia niendelee.