Nilichokikata kwenye Orodha ya Juma

Jumapili ile naikumbuka, mwanangu, na waliokuwepo nawakumbuka wote. Nilikuwepo mimi, Nekesa, niliyezaliwa wa kwanza. Alikuwepo ndugu yangu Juma, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne majuzi tu, na mdogo wetu Naliaka, aliyekuwa darasa la saba lakini mwenye mdomo wa mtu mzima. Na kwenye kiti chetu cha pekee chenye mgongo alikaa Mzee Oduor, fundi wa umeme wa reli aliyestaafu, jirani yetu pale Makadara tangu mama yetu akiwa hai. Tulikuwa watu wanne, na mezani palikuwa na karatasi moja.

Karatasi ile ilikuwa orodha ya Juma. Alikuwa ameipiga mistari kwa rula na kuandika kila kitu alichohitaji ili ajenge kompyuta yake ya kwanza ya kuchezea gemu: prosesa, mazabodi ya kuunganishia vipande vyote, ramu, diski, kadi ya picha, pawa saplai na kasha la kuviwekea vyote. Bei alikuwa amezitafuta kwa wiki kadhaa, akitembea duka kwa duka bila kununua kitu.

Utaniuliza mtu aliyeacha shule kidato cha pili anajua nini kuhusu mambo hayo. Siku hiyo sikujua chochote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiki nilikuja kukilalia, na ndiyo maana nimekaa hapa kukusimulia, ingawa miguu inauma na kesho naamka mapema.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na saba. Majirani waliunda kamati ya mazishi kama ilivyo desturi yetu, wakachanga, tukampeleka kuzikwa nyumbani Bungoma. Tuliporudi kamati ilikaa kufunga hesabu, na kilichobaki wakakiacha mikononi mwa Mzee Oduor, mweka hazina wao, awe anatutolea palipo na haja. Sehemu kubwa ililiwa na karo, na baada ya miaka saba kikabaki kidogo. Hicho kidogo ndicho kitu cha mwisho tulichokuwa nacho kwa jina la mama.

Mbona basi tukitie kwenye gemu? Wengi waliuliza, na mimi nilikuwa na jibu. Juma alipokuwa kidato cha pili alianza kukosa shule. Nilimfuata nikamkuta kwenye chumba cha gemu karibu na soko. Hakuwa na hela ya kucheza. Alikuwa amesimama nyuma ya wenzake akitazama tu, tangu asubuhi, na sare ya shule mwilini. Sikumpiga. Nilikuwa nimechoka hata kupiga. Nilimwambia, "Usikose shule siku nyingine hata moja. Ukimaliza, mimi dada yako nitakununulia mashine yako mwenyewe, uchezee nyumbani." Hakukosa tena. Alienda hata siku alizokuwa na malaria, mpaka mwalimu akawa anamrudisha. Mtoto aliiamini ahadi yangu miaka miwili mizima, mwanangu, na ahadi ni deni.

Mzee Oduor aliweka kidole kwenye orodha, akashuka nacho mstari kwa mstari.

"Hii kadi ya picha ni ya nini?"

"Ndiyo inachora kila kitu unachoona kwa skrini, mzee. Nimechagua ya katikati. Skrini tuliyonayo ni ndogo, kubwa zaidi ya hiyo ingekuwa ya bure."

"Na hii pawa saplai? Si ni kijisanduku cha waya tu? Mbona bei imepanda hivi?"

"Ndiyo inalisha zingine zote. Hapo sikati, mzee. Stima ya huku unaijua."

Mzee alicheka kidogo. Stima ya mtaa wetu aliijua sana.

"Kwa hivyo pesa yote hiyo," Naliaka akasema, "ni ya kucheza mpira bila kutoa jasho."

"Wewe utakuwa unaniokotea mipira," Juma akamjibu.

Mzee akaikunja karatasi polepole, akampa mkono Juma kama anavyompa mtu mzima. "Umefikiri," akamwambia. Kisha akanikabidhi mimi bahasha, kwa sababu hela ya marehemu hukabidhiwa kifungua mimba. Akaongeza neno moja: "Nenda na mwenye orodha."

Sikwenda na mwenye orodha.

Wakati huo nilikuwa napika maharagwe na ugali kwenye kibanda cha chakula kule Mukuru kwa Njenga, tukiwauzia watu wa viwandani. Siku yangu ya kupumzika ilikuwa Jumanne, na Jumanne ile Juma aliitwa kibarua cha kupakia mizigo. Aliniomba tungoje Jumamosi. Jumamosi mimi ninayo? Lakini nisikudanganye, si kazi tu iliyonipeleka peke yangu. Nilitaka kuingia mlangoni na maboksi, nimwone akifungua. Nilitaka ionekane kwamba dada yake, aliyeacha shule, ameenda mjini akayaweza mambo ya kompyuta. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Duka lilikuwa kibanda chembamba Eastleigh, na mwenye duka kijana mpole aliyeitwa Abdi. Aliisoma orodha, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaanza kutoa vitu. Ndipo nikaiona. Juu kabisa ya rafu palikuwa na kadi ya picha kubwa kuliko ile ya Juma, yenye feni tatu na taa pembeni. Niliuliza bei. Ilizidi ile ya orodha, lakini nikipunguza kwenye pawa saplai, hela ingetosha kabisa.

Hapa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa sababu ya jinsi tulivyoishi. Nyumba isiyo na kitu hujifunza kukata kile ambacho mgeni haoni. Tulikula ugali kwa chumvi, lakini vitambaa vya viti vilikuwa vyeupe. Chupi zilikuwa na viraka, lakini sare ya Naliaka ilipigwa pasi. Nilikuwa nimetuendesha hivyo miaka saba, na hakuna jirani aliyejua tulilala njaa mara ngapi. Nikaona pawa saplai itafichwa ndani ya kasha, haitaonwa na mtu, na kadi yenye taa itaonwa na kila atakayeingia. Mkono wangu ulikata penye mazoea yake.

"Dada," Abdi akaniambia, "hii kadi inakula stima nyingi. Hii pawa saplai ya bei ya chini haiwezi kuibeba. Chukua vile kijana ameandika."

"Nyinyi wauzaji cha ghali ndicho kizuri kila siku."

"Basi shika zote mbili. Mkono huu na mkono huu."

Nilizishika. Ile ya Juma ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ile yangu ilikuwa nyepesi kama mkate. Nami nikasema, tena kwa sauti, kwamba nyepesi ndiyo nzuri kwa sababu nina safari ya kubeba.

Abdi aliandika risiti, na chini yake akaandika kwamba alinishauri. "Nisije nikaulizwa siku moja," akasema. Hata hakukasirika.

Juma alirudi kutoka kibaruani akakuta maboksi mezani. Alifurahi, na uso wake siku ile bado ninao. Kisha akafika kwenye kile kijisanduku chepesi, akakigeuza, akasoma maandishi ya ubavuni, akaitazama ile kadi.

"Dada, hii kadi inataka pawa saplai kubwa kuliko hata ile niliandika. Hii sasa..."

"Nimezunguka na jua tangu asubuhi," nikamwambia. "Nimekuletea kubwa kuliko uliyoomba. Unanilipa kwa kuniambia habari za waya?"

Akakirudisha mezani. Alijenga mashine yake jioni ile, skrubu moja baada ya nyingine, na alipomaliza alikaa tu akiitazama. Majirani wawili walikuwa mlangoni wakingoja kuona.

"Wacha nitafute pawa saplai ingine kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Hata wiki mbili, nifanye vibarua."

"Washa tuone," nikasema.

Aliwasha kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia awashe. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alijua nisichokijua, lakini mimi ndiye niliyemlea, na Juma hakuwa amewahi kuniambia hapana.

Iliwaka. Taa zile ziling'aa ukutani, majirani wakasema Nekesa amefanya kazi. Kwa siku tisa nyumba yetu ilikuwa na furaha niliyokuwa nimesahau kwamba yaweza kukaa ndani ya chumba kimoja. Juma alimfundisha Naliaka kucheza, na Naliaka akamfunga mabao matatu, akawatangazia wapangaji wa ploti nzima. Mimi nilikuwa nikirudi kazini nawakuta wanabishana na kucheka, nakaa kitandani na viatu vyangu, nawasikiliza.

Siku ya kumi, mchana, stima ilipotea kama kawaida yake. Iliporudi, Juma alingoja kidogo, akawasha, gemu likaanza. Tukasikia mlio kama wa njugu ikipasuka kikaangoni, kisha ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Akachomoa waya haraka. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka nyuma ya kasha. Naliaka alianza kulia. Juma alikaa sakafuni akaweka mkono juu ya kasha, kama mtu anayemgusa mgonjwa kuona kama ana homa.

Tulimpelekea Abdi ile mashine, akavipima vipande vyote bila kutudai hata senti. Kijisanduku kile kilipokufa kilikufa na mazabodi na ile kadi ya feni tatu. Hakunikumbusha risiti.

Nilikwenda kwa Mzee Oduor nikiwa nimejiandaa kutukanwa kwa ajili ya hela za kamati. Alikipima kile kijisanduku kilichoungua kwenye kiganja chake.

"Nekesa, hata behewa lipakwe rangi gani, injini dhaifu hailivuti. Lakini hilo ni la umeme, na umeme hukuusomea, kwa hilo sikulaumu. Mimi nakuuliza lingine. Umemlea Juma akawa mtoto wa kusikia. Siku aliyokuwa na neno la kusema, mbona wewe hukumsikia?"

Nikakipokea kile kijisanduku, nikakitia mkobani.

"Pesa ya kamati ilitolewa, imekwisha, hakuna atakayekudai," akasema. "Usiniombe msamaha mimi. Ulimwahidi kijana mashine, na mashine hana."

Mzee naye tulishamzika. Juma alichukua kibarua cha kudumu kiwandani, akaoa, sasa anaishi mtaa wa Lucky Summer. Hajawahi kunitajia habari ile, na ukimya wake ndio unaonichosha kuliko kazi. Mara tatu nimeanza kuweka akiba ya kumrudishia. Mara ya kwanza ikaenda kwa chuo cha Naliaka, mara ya pili kwa kodi, mara ya tatu kwa hospitali ya mtoto wa Juma mwenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu, na watakaokuambia "lipa tu yaishe" hawajaubeba.

Basi wewe unayepanga kujenga mashine yako kwa hela kidogo, nisikilize. Anza na gemu unalolitaka na skrini uliyonayo, ndipo ujue kadi ya kiasi gani inakutosha, usije ukanunua nguvu ambayo skrini yako haiwezi kuionyesha. Prosesa iliyotumika nunua bila woga, ramu pia, mradi uvione vikifanya kazi mbele ya macho yako. Pawa saplai nunua mpya, nunua iliyo nzito, na usiikate hata ukishikwa na njaa ya taa. Kasha lije mwisho, hata liwe kuukuu, kwani usione vyaelea, vimeundwa. Bakisha hela ya kifaa cha kukinga mashine stima ikirudi kwa nguvu. Hela isipotosha kadi, tafuta prosesa yenye uwezo wa kuchora picha yenyewe, ucheze magemu madogo huku ukijikusanya. Hakuna aibu katika kungoja. Na usinunue kipande leo na kingine mwaka ujao, kwa maana muda wa dhamana huisha kikiwa bado ndani ya boksi.

Na kama wewe si mjenzi, bali ni mkubwa mwenye bahasha, dada au kaka au mzazi, nenda na mwenye orodha. Akisema neno, nyamaza alimalize. Wakubwa tuliochoka huwa tunadhani uchovu wetu ni ujuzi.

Mungu akupe macho ya kuona kilichofichika na subira ya kukilipia. Akupe watu wa kucheka nao mbele ya hiyo skrini, na stima iende ikirudi bila kukudhuru. Mimi nakuombea hivyo kwa moyo wote.

Juma huja kwetu Jumapili baada ya kanisa. Tunakula, anawatania wanangu, ananiuliza miguu inaendeleaje. Mpaka leo sijamwambia, "Ndugu yangu, ulikuwa umesema kweli." Neno hilo halitaki hata senti, na ndilo lingetangulia. Kisha ndiyo mashine, nayo pia bado naudai mwili wangu uniletee nguvu ya kuilipa.