Shomoro Aliyelalia Nywele Zangu

Nilipokuwa mtoto kichwa changu hakikuwa changu. Kilikuwa mali ya shule ya msingi, wazazi walikuwa wamekodishwa tu. Tulinyolewa wote, wasichana kwa wavulana, na ukithubutu kuja na nywele za kushikika, mwalimu wa zamu alitoka na mkasi pale mstarini, akakuchimbia barabara moja kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, halafu akakwambia nenda nyumbani ukamalizie. Mimi nilichimbiwa barabara nyingi kuliko wilaya yetu. Kwa hiyo siku niliyoweka kalamu chini kwenye mtihani wa darasa la saba, niliapa: kabla shule nyingine haijakuja kukidai kichwa hiki, kitaota kitu nilichokichagua mwenyewe. Nikachagua dredi, nikaziacha nywele ziote kwa wiki kadhaa.

Msinione mtundu wa bure. Ilikuwa enzi za ruksa, serikali imeshafungua milango ya biashara. Mitumba ilikuwa imemwagika Arusha nzima, rege inalia kila kibanda cha kaseti, na vijana waliokwenda Mererani kuchimba tanzanaiti walikuwa wanarudi na viatu vikubwa na vichwa kama mizizi. Mmoja wao alikuwa Kaka Yona, mtoto wa shangazi yangu. Nilipotumwa kutoka kwetu Moshono kwenda kwa Bibi, Nkoaranga, kumsaidia kuchuma kahawa, nikamkuta Yona yuko pale anapumzika, nywele zimemfika mabegani.

"Kaka, nisokote na mimi."

"Wewe? Utalia."

"Nimelia shuleni miaka saba. Sokota."

Akanikalisha nje ya jiko. Kwanza akapunguza zile zilizozidi pembeni, halafu akazigawa viboksi viboksi, akasokota kila kimoja kwa nta ya nyuki mpaka nikahisi macho yananyanyuka yanaelekea masikioni. Huku anasokota, huku anahubiri.

"Siku za mwanzo zitavuta, hata kucheka utashindwa. Halafu zitawasha. Usikune na kucha, pigapiga kwa kiganja. Halafu zitafumuka, kila moja isimame upande wake, utafanana na mtu aliyepigwa shoti. Hapo ndipo wengi wananyoa. Usichane, usikimbilie kuosha, ukilala funga kitambaa. Na uachane na kioo."

Bibi akatokea shambani na ndoo ya kahawa kichwani. Dredi hata hakuziangalia. Aliangalia chini, ambako vipande vya nywele vilikuwa vinasukumwa na upepo.

"Nywele hizi za nani?"

"Zangu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona zinatembea zenyewe? Kusanya uzichome. Ndege akizibeba akajengea kiota, kichwa kitakuuma mpaka akili ihame."

Yona akacheka, na mimi nikacheka. Nilifagia nilichokiona. Kilichopeperuka kilikuwa kimeshakwenda zake.

Asubuhi niliamka kichwa kimeshikwa na watu pande zote, kila mmoja anavutia kwake. Hata nyusi ziliuma. Makande nilitafuna kwa upande mmoja kama mbuzi mgonjwa.

"Kinauma?" Bibi akauliza.

"Kidogo."

"Ameshaanza kujenga."

"Bibi, ni ngozi tu imevutwa," Yona akamwambia. "Itaachia."

"Na wewe nyamaza. Hicho chako nani amekikagua?"

Kweli iliachia, na muwasho ukaingia kwa zamu yake. Nta, jasho na vumbi la shamba vilipokutana, nilijipiga makofi kichwani kutwa nzima, majirani wakadhani natubu. Kisha zikafumuka. Yona akazisokota upya, safari hii kwa mkono wa mchimba mawe, na maumivu yakarudi na ndugu zake wote.

Hapo Bibi alichoka. Alitoa wembe mpya ukiwa kwenye karatasi lake, akauweka mezani mbele yangu.

"Jumamosi nanyoa. Kichwa kikiwa kitupu, ndege hana cha kuvuta. Kama hutaki, kiota kipatikane, tukichome."

"Kitapatikana," nikasema.

Niliitafuta Nkoaranga kama polisi. Nilikwea migrivea, ile miti inayotia kahawa kivuli, nikachungulia migombani, nikainua mabati ya watu. Kiota kimoja kilikuwa na manyoya ya kuku, kingine kimefumwa kwa uzi mwekundu wa sweta la Ulaya. Enzi za ruksa hata ndege walivaa mitumba. Mzee Elia, jirani yetu, akanikuta nimening'inia ukingoni mwa paa lake.

"We binti, unatafuta nini hapo?"

"Nywele zangu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kwani kichwani hazipo?"

"Zipo. Natafuta nyingine."

Akavua kofia, kipara kikang'aa. "Basi ukikutana na zangu, ziambie zimesamehewa, zirudi."

Ijumaa mchana nilikipata, chini ya bati la banda la ng'ombe wetu wenyewe. Kiota cha shomoro, majani makavu kwa nje, na ndani kimetandikwa nywele fupi, nyeusi, zimejikunja. Pale nyumbani Bibi alikuwa na mvi, na Yona nywele zake hazikuona mkasi tangu aende Mererani. Zilikuwa zangu.

Bibi alikuwa chini ameshika ngazi kwa mkono mmoja, kiberiti kwa mwingine.

"Kipo?"

"Kipo."

"Kilete."

Juu ya nywele zangu walikuwa wamelala makinda, macho yamefumba, midomo wazi, vichwa havina hata unyoya. Walikuwa vipara watupu, kama wanafunzi wa darasa la kwanza.

"Ruthi! Nimesema kilete."

"Kuna watoto, Bibi."

"Kilete hivyo hivyo."

"Sileti. Na kesho sinyoi."

Yona akageuka akaangalia migomba. Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo, lakini nilikuwa nimeshafika mbali kiasi cha kutoweza kurudi.

"Kitakuuma," Bibi akasema.

"Acha kiume. Ni changu."

"Shuka."

Nilishuka nikijua wembe hautangoja Jumamosi. Badala yake Bibi alinipa kiberiti nimshikie, akakaza kitenge kiunoni, akapanda mwenyewe. Yona akadaka ngazi. Bibi alikaa kule juu muda mrefu, kichwa chake kimeingia chini ya bati. Aliposhuka mikono ilikuwa mitupu.

"Wakiruka, nitakichoma," akasema.

"Na wembe je?"

"Nimesema wakiruka."

Kuanzia hapo kila asubuhi, kabla ya chai, alinisimamisha mlangoni kwenye mwanga, akanitazama machoni.

"Kinauma?"

"Kidogo."

"Leo siku gani? Ng'ombe wetu anaitwaje?"

Mimi tangu zamani nikiulizwa swali la kijinga natoa jibu la kijinga zaidi. Siku ya kwanza nilimwambia ng'ombe wetu anaitwa Katibu Kata. Nilingoja acheke. Hakucheka, alikaa chini pale pale kwenye kizingiti, akanishika mkono, akaniuliza tena taratibu. Nikamjibu vizuri, na sikurudia mzaha ule.

Maumivu yaliisha kabla makinda hayajaota mbawa. Nywele zilianza kushikana, moja moja, zikawa nzito kidogo mkononi. Shomoro walipohama, Bibi alikiteremsha kiota, akakichoma nyuma ya jiko, akanigeukia.

"Umeona?"

"Nimeona, Bibi," nikasema, na Yona akainama kuchochea majivu.

Nilikaa na dredi zangu mpaka nilipoitwa sekondari. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu dhidi ya ushamba, na watu walicheka. Kisha nikiwa mtu mzima, mama akaniambia jambo ambalo Bibi hakuwahi kulitaja. Bibi alikuwa na mdogo wake wa kike. Huyo mdogo alianza kuumwa kichwa akiwa binti wa umri wangu ule, hakutaka kuguswa nywele, zikashikana zenyewe, na akaishia kuzunguka shambani kwenye mibuni akiongea peke yake, hawatambui hata ndugu zake. Kwao walisema ni ndege.

Mimi nilikuwa nimeambiwa nitarajie nini: kuvuta, kuwasha, kufumuka. Bibi alikuwa anatarajia kitu alichokwisha kukiona kwa macho yake. Ushujaa wangu ulikuwa wa kuvumilia ngozi iliyovutwa. Yeye aliamini kila neno alilosema, wembe ulikuwa mezani, na bado aliwaacha wale makinda walale, akaniacha mimi na kichwa changu.

Siku hizi mabinti wakija kuniuliza wiki za mwanzo za dredi zikoje, nawaambia habari za nta na kitambaa. Halafu nawaambia waangalie ni nani pale nyumbani anayekosa usingizi kwa hofu juu yao, wakae naye kidogo, na akiwauliza leo siku gani, wamjibu vizuri.