Istikhara ya Ukoo Mzima

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, asubuhi, nilikuwa shambani kwetu Ziwani nikitenganisha korosho na mabibo, vidole vikinata utomvu, shangazi yangu alipofika na habari kwamba nimeposwa. Barua ya posa ilikuwa imepokelewa na kaka yangu, kama ilivyo ada. Mposaji alikuwa mgane wa upande wa Mnazi Bay, muuza samaki wakavu ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Nilimfahamu kwa kuwa nilimfundisha bintiye hesabu.

Mimi nilikuwa mjane wa miaka mingi, mwalimu wa sekondari, mwenye nyumba yangu Likombe na utulivu niliouzoea kama mtu anavyozoea mto wake wa kulalia. Mtu mwenyewe sikumchukia. Niliogopa kuutoa utulivu ule, kisha nikaambulia majuto.

Nikasema nitaswali istikhara, ile sala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri. Kosa langu lilikuwa kulisema hilo mbele ya shangazi. Kwetu, mtu akitangaza istikhara, ukoo mzima hulala kwa niaba yake, uote jibu.

Mimi niliota nasahihisha mitihani ya kidato cha pili. Shangazi alikuwa amefanikiwa zaidi.

“Nimemwona kiboko,” alisema, akijimiminia chai yangu. “Anatoka mtoni, kavaa kanzu, anakutolea salamu.”

“Ni kheri hiyo, shangazi, au shari?”

“Kanzu ilikuwa nyeupe, mwanangu. Ingekuwa chafu ningekwambia.”

Kaka yangu, ambaye magunia yake ya korosho hukaa katika chumba changu cha wageni kila msimu, alikuwa ameota nyumba yangu imepigwa kufuli, nami nalia nje.

“Na magunia yalikuwa ndani?” shangazi alimuuliza.

“Ndoto haikufika huko.”

“Itafika. Msimu ndiyo kwanza unaanza.”

Nilikwenda kwa imamu wa mtaani kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kiboko na kufuli.

“Mwalimu,” akasema, “uliomba uongozwe au uliomba uoneshwe sinema? Ukishaomba, nyanyua mguu. Penye kheri Mungu atakurahisishia, pasipo kheri atakuepusha.”

Maneno hayo nilifundishwa tangu madrasa. Nilikuwa nimeyaweka mbali kwa sababu yalinitaka nifanye jambo.

Basi nikakodi bajaji, nikaenda na shangazi kumwona mposaji kwake. Kabla hatujafika, bajaji ikazama mchangani.

“Njia imefungwa,” shangazi akasema. “Turudi.”

Wakapita wanawake waliotoka kuchokoa pweza, wakatusukuma.

“Njia imefunguka,” akasema.

Tulipozama mara ya pili alinyamaza, akingoja ushahidi zaidi.

Tulimkuta mposaji akigeuza samaki kwenye chanja. Alimwamkia shangazi, akatutandikia mkeka. Shangazi hakungoja hata maji ya kunywa.

“Na wewe umeswali istikhara?”

“Nimeswali, shangazi.”

“Ukaota nini?”

Alijifuta mikono kwanza. “Wenzangu walinishauri niseme nimemwota mwalimu kavaa kijani, ameshika msahafu. Lakini sikuota kitu. Nililala kama gogo. Nilipoamka nikajikuta bado namtaka, nikaandika barua.”

Shangazi alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyekuja shughulini mikono mitupu. Mimi nilipata faraja. Tangu posa ije nilikuwa nimezungukwa na watu wanaomsaidia Mungu kutunga majibu. Huyu alikuwa wa kwanza kumwachia Mungu kazi yake.

Wiki chache baadaye, magunia yalipoondoka kwenda mnadani, kaka naye alijaliwa ndoto njema, akaridhia. Aliandika jibu rasmi, nami nikatia langu katika bahasha ileile:

“Assalamu alaykum. Nimeikubali posa yako. Nitaendelea kufundisha, na runinga itakaa sebuleni, si chumbani. Sijui kama tutajaliwa miaka mingi au michache, ya raha au ya kuvumiliana. Nilitaka kuyajua hayo kabla ya kukujibu, na sikujulishwa. Nimemwachia anayeyajua. Naogopa kidogo, lakini nakuja. Wazee wako wafike Ijumaa baada ya swala, tupange siku.”