Kasa wa Birikani

Wiki iliyopita nilikutana na Bi Rukia hapa Langoni. Amezeeka. Alimshika binti yangu kidevu akamwambia, "Mamako ndiye aliyemfikisha kasa wangu baharini." Mimi nikatazama chini.

Alasiri ile, nikiwa bado mtoto wa shule, Bi Rukia, aliyekuwa akilinda viota vya kasa, alilitembeza darasa letu kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Upepo ulinuka chumvi na mwani mkavu. Alifukua kiota cha kasa, akawatoa watoto waliokwama wenzao walipotoka. Mmoja, dhaifu kuliko wote, akamweka mbele yangu.

"Usimshike. Mwache ashike ndia yake hadi baharini. Wewe mfukuzie kaa wasimle."

Alipogeuka, nikamtia kwenye kopo langu la chakula.

"Amefika?" aliniuliza baadaye.

"Amefika, Bi."

Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua mbele ya wenzangu wote. Mkobani nilisikia kucha ndogo zikikwaruza kopo.

Nyumbani nilimtia kwenye birika la bafuni, lile tangi la mawe la kuwekea maji ya kuoga, pamoja na visamaki vyetu vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Nilidhani maji ni maji, tena haya hayana papa. Sikujua kwamba maji ya kisima hayamfai. Siku ya tatu nilimkuta akielea, nikamzika uani kabla mama hajaamka.

Tangu tukutane na Bi Rukia, binti yangu ananiomba nimsimulie jinsi kasa alivyoingia baharini. Nimeshamsimulia mara mbili. Mara ya pili nilimwongezea na wimbi.