Beki Mwenye Mkwe

Beki wetu tunamwita Komeo. Ni fundi wa kuchomelea mageti, ana kitambi cha heshima, na akimaliza kugeuka mpira umeshaingia golini. Wapinzani wetu, timu ya waoka mikate, walitaka kumchukua watupe kijana mwenye mbio. Mimi kocha, ambaye hata shule iliniogopa nikaiacha mapema, nikakubali. Komeo akanuna, akasema jezi yetu atazikwa nayo.

Mazoezi ya kumuaga tukamchezesha upande wa pili. Mfungaji wetu hatari, aliyemwoa binti wa Komeo, akaja na mpira kama anafukuzwa na nyuki. Alipomfikia Komeo akasimama, akainamisha kichwa.

"Mpige chenga, unangoja nini?" nikamfokea.

"Nimpige chenga baba mkwe, kocha? Leo nitalala wapi?"

Komeo akauchukua mpira taratibu, akamwuliza, "Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

Nikawaza waoka mikate wakiwa na ukuta ule, na sisi mabao yote tunamtegemea huyo mkwe. Nikawapigia simu palepale: kijana wenu kaeni naye.

Komeo anatamba kwamba mbio zake ndizo zilizonibadilisha mawazo. Namwachia. Mwenye akili kama zangu hana haja ya kujisifu.