Nakala za Buganguzi

Mama yangu hakuuza mche wa mgomba hata siku moja. Mtu akitoka kilima cha pili akauona mkungu mnene, anaomba, na mama anashika jembe mwenyewe, anachimba, anampa. Kuuza mche kwetu ni kujitangaza mchoyo, na mchoyo hata msibani kwake watu huja wamechelewa. Baba alinung'unika, lakini baba alinung'unikia hata mvua. Basi nimekua na akili hiyo, na shule yenyewe niliachia darasa la tatu.

Ndiyo maana mpwa wangu aliponieleza habari za nakala, kwamba hata kunakili kunataka ruhusa, sikumwelewa. Alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule moja kule Nshamba. Usharika wetu wa Buganguzi ulipewa kompyuta chakavu, nami nikatoa stoo yangu ya kahawa ziwekwe humo, mpwa wangu aje awafundishe vijana waliokosa sekondari. Kompyuta haifanyi kazi bila mfumo wa kuiendesha, na mifumo ya siku hizi ilikuwa mikubwa kwa zile zetu, kama kumvisha mtoto joho la askofu. Hata ile ya bure ilizizimisha. Ukakubali mmoja tu, mdogo, uliotungwa ng'ambo kwa ajili ya kufundishia. Nao ulikuwa na mipaka yake: haujui printa, hauonyeshi picha, na jina la faili likizidi herufi kumi na nne unalikata. Na majina yetu ya Kihaya yalivyo marefu! Vijana wakawa wanataniana, "We nusu jina, sogea huko." Walicheka, lakini walijifunza.

Siku moja mwalimu mkuu wake akaja kutazama. Hakuwa mtu mbaya. Akauliza mfumo umetoka wapi, mpwa wangu akasema ameunakili kutoka shuleni. Kumbe ruhusa ya wenye mfumo ilitaja shule ile peke yake na wanafunzi wake peke yao, na mkuu ndiye aliyeweka sahihi.

Nikaingilia. Nikasema kwa heshima, waitu mwalimu, cha shuleni kimepungua nini? Si bado kipo?

"Hakijapungua, mzee. Lakini si changu, wala si cha mpwa wako."

Mpwa wangu alikuwa ameshawaandikia wenye mfumo kuwaomba, hawakumjibu. Mkuu akamwambia afute, akasimama mlangoni kungoja. Mpwa wangu akafuta mashine moja baada ya nyingine, vijana wakiwa kwenye mabenchi wanatazama. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, na kazi zetu?"

Akamwambia zilikuwa humo humo.

Mkuu alipoondoka nikasema, "Mwanangu, tutatafuta mfumo mwingine."

"Mjomba, hakuna mwingine wa kuingia humu. Nimeshajaribu yote."

Akachukua koti lake msumarini, akawapita vijana, akanipita na mimi, akashika njia ya kwenda barabarani. Hata kwa mama yake, dada yangu, hakupitia. Nshamba waliajiri mwalimu mwingine. Wapo wanaosema wamemwona Nyanga, huko Bukoba mjini, akitengeneza simu. Huku hakurudi tena.